Anakuja au Kinakuja: Miili Ndani ya Gemu

Mwaka 2013, miaka miwili kabla ya Metal Gear Solid V: The Phantom Pain kutoka, watu walioneshwa mhusika mmoja wa gemu hiyo na mabishano yakaanza papo hapo. Anaitwa Quiet. Ni mdunguaji, mtu wa kulenga adui kwa bunduki kutoka mbali, na anapigana Afghanistan ya 1984 akiwa amevaa bikini, soksi ndefu zilizoraruka na buti. Lawama zilipozidi, mwelekezi wa gemu, Hideo Kojima wa Japani, alijibu kupitia Twitter kwamba kuna sababu ya siri ya mwili huo kuwa wazi, na kwamba siku tutakapoijua tutaona aibu kwa maneno yetu.

Gemu ikatoka 2015 na siri ikafichuka. Quiet aliungua vibaya, akatibiwa kwa vimelea, na sasa anapumua na kunywa maji kupitia ngozi. Akijifunika, anakosa pumzi.

Samahani kwa Kojima, lakini mimi sikuona aibu, nilicheka. Metal Gear Solid 3 ya 2004 ilikuwa na mdunguaji mwingine, mzee wa zaidi ya miaka 100 anayeitwa The End. Naye anaishi kwa vimelea, anakula jua kupitia mwili wake kama mti. Mzee huyo amevaa nguo zake za vita kama kawaida. Hakuna aliyekaa ofisini usiku kucha akitafuta sababu ya kisayansi ya kumvisha babu bikini.

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa rahisi: jamaa wameunda dame nusu uchi, tumekasirika, tuonane wiki ijayo. Shida ni kwamba Quiet ana hadithi nzuri sana, na wengi wanaomcheka hawajaifikia. Hasemi, na kunyamaza kwake ni uamuzi. Ndani ya gemu hiyo kuna vimelea vinavyoua watu kupitia lugha wanayozungumza, na yeye amebeba vile vya Kiingereza. Akiongea Kiingereza vitaamka na kuenea kambini. Alitumwa kummaliza Snake na watu wake wote, kisha akachagua kufunga mdomo. Karibu na mwisho, Snake anaumwa na nyoka katikati ya dhoruba ya mchanga, helikopta haiwaoni, na Quiet anashika redio na kuongea Kiingereza ili mwenzake aokolewe. Halafu anatoweka jangwani peke yake, ili asimuue mtu.

Huo ni uamuzi mzito kuliko wa mwanajeshi mwingine yeyote kwenye gemu hiyo. Lakini ndani ya helikopta, mhusika huyo huyo anajinyoosha mbele ya skrini na kamera inapanda na kushuka mwilini mwake kama fundi anayepima suti. Hadithi inasema huyu ni mtu. Kamera inasema hiki ni kitu. Zote mbili zimetengenezwa na studio moja, zimeuzwa kwa diski moja.

Kiswahili kina kipimo cha jambo hili, na sijaona mtu akikitumia kwa gemu. Angalia maneno haya: kijana, kiongozi, kipofu, kibarua. Kwa umbo yanafanana na kiti na kikombe. Hata hivyo hakuna anayesema "kijana kinakuja". Kijana anakuja. Neno linaweza kuvaa nguo za vitu, lakini sarufi inamtambua mtu aliye ndani na kumpa a- yake. Na tukitaka kumshusha mtu, tunajua kabisa pa kugusa: "Kijitu kile kimerudi tena." Hapo hakuna tusi la matusi. Tumemnyang'anya tu ile a-.

Mtaani pia tunajua. Dame akipita utasikia "cheki hicho chombo", "kifaa", "mali safi", "kitu kali". Mwanamume akiwa na pesa anaitwa sponsa, na akifulia anakosa hata jina.

Mwaka 1995 mwanafalsafa wa Marekani, Martha Nussbaum, alichapisha makala akitaja njia saba za kumfanya mtu kitu. Kumtumia kama chombo cha haja zako. Kumnyima uamuzi wake. Kumchukulia kama asiyeweza kutenda lolote. Kumwona kama anayeweza kubadilishwa na mwingine yeyote. Kumwona kama kinachoruhusiwa kuvunjwa. Kummiliki kama bidhaa. Kupuuza anachohisi. Nilimsoma nikiwa tayari nimeacha chuo, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kilichonishika ni kwamba kwenye orodha yote hiyo hakuna neno "nguo". Baadaye mwanafalsafa Rae Langton aliongeza njia tatu: kumpunguza mtu abaki mwili wake tu, kumpunguza abaki sura yake tu, na kumnyamazisha. Hata hapo, hakuna aliyeleta futi ya kupimia sketi.

Kwetu Kenya hili si jambo dogo. Novemba 2014, wanaume walimvua mwanamke nguo kwenye kituo cha matatu Nairobi wakidai amevaa vibaya, na video ikasambaa. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana katikati ya jiji wakisema My Dress My Choice. Wale wanaume, ukiwaangalia vizuri, nao walikuwa wakosoaji wa mavazi. Walipima kitambaa, wakaona hakitoshi, wakatoa hukumu. Kwa hivyo mtu akikosoa gemu kwa kuhesabu sentimita za ngozi, mimi naingiwa na wasiwasi. Tunaweza kulaani kamera ya Kojima na bado tukawa tunaongea lugha ya kituo cha matatu. Swali langu ni tofauti: mhusika huyu, gemu inamwambia a- au ki-?

Chukua Lara Croft. Tomb Raider ya kwanza ilitoka 1996, kazi ya studio ya Core Design huko Derby, Uingereza, na aliyemchora Lara ni kijana anayeitwa Toby Gard. Kifua chake cha poligoni chache kilikuwa na kona kama paa la mabati, na watu wameshaandika juu yake vya kutosha. Ila ndani ya gemu Lara alikuwa na kazi. Alisoma maandishi ya kale, aliruka mapengo, alipigana na mbwa mwitu, na hakuwa akimngoja mwanamume. Waliomgeuza kuwa ki- zaidi ni watu wa matangazo. Kampuni ya Eidos iliajiri wanamitindo halisi, mmoja baada ya mwingine, wavae kaptura na bastola na kusimama mbele ya kamera kama Lara. Mmoja akimaliza muda wake anakuja mwingine. Hata kinywaji cha Lucozade kilimtumia. Gemu ilimpa safari, tangazo likabaki na mwili.

Halafu 2013 Lara akazaliwa upya. Suruali ndefu, kifua cha kawaida, uso wenye hofu ya kweli. Watu wakapiga makofi. Lakini kabla gemu haijatoka, mtayarishaji wake mkuu, Ron Rosenberg, alikuwa amewaambia wanahabari kwamba wachezaji watataka kumlinda. Sikiliza hilo neno, kumlinda. Hakuna mtu aliyewahi kutuuzia Kratos kwa ahadi kwamba tutamlinda. Na ukicheza utaona maana yake: Lara anasombwa na mto, ukichelewa kubonyeza anatobolewa shingo na chuma, na kamera inakaa pale, haina haraka, inamtazama akitapatapa. Ukijaribu tena na kushindwa, unatazama tena. Gemu ni nzuri, na kadiri inavyosonga Lara anakuwa mtu mwenye akili na ukaidi wake. Lakini saa za mwanzo zinaonyesha kitu ambacho wapima nguo hawakukiona. Nguo ziliongezeka, na bado mwili wake ulibaki mali ya mtazamaji. Kilichobadilika ni namna ya kuutazama: zamani ulitamaniwa, sasa unaumizwa.

Mortal Kombat inafundisha somo jingine, lile la kubadilishwa na mwingine yeyote. Katika Mortal Kombat II ya 1993, Kitana, Mileena na Jade ni mwili mmoja. Studio ilimrekodi mwanamke mmoja, Katalin Zamiar, kisha ikabadilisha rangi ya vazi: buluu, zambarau, kijani. Kabla hujakasirika, kumbuka kwamba mwaka uliotangulia walifanya hivyo hivyo kwa wanaume. Scorpion, Sub-Zero na Reptile wote ni Daniel Pesina katika rangi tatu. Kumbukumbu ya mashine zilizokuwepo ilikuwa ndogo, mwili mmoja ulikuwa nafuu. Huu ni usawa kabisa, au siyo?

Karibu. Wanaume watatu walifunikwa karibu mwili mzima, na wanawake watatu walivaa nguo za kuogelea. Ila kinachonifurahisha ni kilichotokea baadaye. Waandishi walilazimika kueleza kwa nini Kitana na Mileena wanafanana, na jibu lao likawa kwamba Mileena ni nakala iliyoundwa na mchawi Shang Tsung. Kutoka hapo akazaliwa mmoja wa wahusika wenye uchungu zaidi kwenye mfululizo huo: mwanamke anayejua kwamba alitengenezwa kama kopi, na ambaye hasira yake yote inatoka hapo. Yaani ubahili wa mashine ulizaa ki-, na ile ki- ikasimama ikadai a- yake. Hii ndiyo sababu siwezi kuwachukia waandishi wa gemu. Mara nyingine wanajikwaa wakaangukia mahali pa maana.

Sasa wanaume. Kila mjadala wa aina hii ukianza, lazima msee mmoja aseme, "Kwani Kratos amevaa nini? Si yuko kifua wazi tangu 2005?" Ni swali halali na linastahili jibu kuliko dharau.

Kifua cha Kratos na kifua cha Quiet havifanyi kazi moja. Mchezaji anamvaa Kratos kama koti. Ile misuli ni nguvu unayoazimwa kwa saa kadhaa, upige miungu, kisha urudi kuosha vyombo. Quiet huwezi kumvaa. Katika gemu ya asili huwezi kumcheza, unampa amri tu. Kwa hivyo jibu la haraka ni kwamba mmoja ameundiwa wewe uwe yeye, mwingine ameundiwa wewe umtazame. Jibu hilo ni sahihi, ila linawaacha wanaume salama mno. Linadhani mwanamume kwenye gemu ni shujaa tu. Rudi The Phantom Pain uhesabu wanaume wengine.

Wako mamia. Unamvizia askari, unamkaba hadi azirai, unamfunga puto mgongoni, na anapaa angani akipiga kelele hadi kambini kwako. Huko anapewa herufi za ubora, kama nyama iliyopigwa mhuri: huyu E kwa kupigana, yule A kwa utafiti. Unawapanga kwenye vitengo, wasiofaa unawafukuza. Ukitembea kambini ukampiga mmoja ngumi, anasimama na kukushukuru. Ni mojawapo ya mambo matamu zaidi kwenye gemu hiyo, nakubali, na mimi nimelicheza hadi alfajiri. Lakini pitia orodha ya Nussbaum: chombo cha haja zako, hana uamuzi, anabadilishwa na yeyote, anamilikiwa, anachohisi si hoja. Wanaume hao wametimiza masharti mengi kuliko Quiet, na wote wamevaa sare kamili. Miaka yote ya kelele kuhusu gemu hiyo, sikumbuki mtu akiwalilia.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Kwenye gemu nyingi mwanamke ni kitu cha kutazamwa, na mwanamume asiye shujaa ni kitu cha kutumika na kuvunjwa. Mmoja kamera inamng'ang'ania, mwingine kamera haimwoni kabisa. Piga picha barabara yoyote ya Grand Theft Auto baada ya dakika tano za kucheza. Wale wanaume waliolala chini hawakuwa na mama.

Mfululizo wa God of War unaonyesha pande zote mbili, tena kwa mhusika mmoja. Katika God of War III ya 2010, Kratos anamkuta mwanamke aliyefungwa minyororo katika makao ya Poseidon, nguo zimechanika, analia. Hana jina, tunamjua kama binti wa mfalme aliyekuwa wa Poseidon. Kuna mlango unaofunguliwa kwa gurudumu, na gurudumu linahitaji kitu cha kulizuia lisirudi. Kratos anamburura huyo mwanamke na kumsukumia pale. Mlango unakaa wazi, yeye anapondwa. Waundaji wa gemu wangeweza kuweka jiwe. Walikuwa na nchi nzima ya Ugiriki iliyojaa mawe.

Miaka mitatu baadaye God of War: Ascension ilitoka na tuzo ya mchezaji yenye jina la kuwatukana wanawake, ambayo mchezaji aliipata baada ya Kratos kumponda usoni adui wa kike. Watu walilalamika na jina likabadilishwa. Tukio lenyewe lilibaki.

Halafu 2018, chini ya uelekezi wa Cory Barlog, Kratos anarudi akiwa na ndevu na mtoto. Bado kifua wazi, bado misuli, theluji imejaa kila mahali na babu hana hata sweta. Mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna jambo analoliogopa: kwamba mwanawe Atreus atajua baba yake alikuwa nani. Anainua mkono kumgusa mtoto begani, anausitisha hewani, anaurudisha. Gemu nzima iko kwenye mkono huo. Kwa mara ya kwanza Kratos anakuja, hakiji. Na hawakuhitaji kumfunika hata sentimita moja.

Siwezi kupita bila kumtaja mkewe, Faye. Gemu inaanza akiwa ameshakufa, na safari nzima anabebwa kama majivu ndani ya kifuko kwenye mkanda wa mumewe. Unaweza kusema haya, mwanamke amekuwa mzigo kihalisi. Lakini mwishoni tunajifunza kwamba njia yote ilipangwa na yeye, na aliyajua mengi kuliko wote wawili. Gemu ile iliyotumia mwanamke kuzuia mlango ilijifunza kumpa mwanamke akili hata akiwa majivu. Ingekuwa vizuri zaidi kama angeipata akiwa hai. Tunaenda polepole.

Gemu iliyolea mtaa wetu, hata hivyo, ni Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004. Kwenye kibanda cha PS karibu na kwetu ilichezwa miaka mingi baada ya dunia kuisahau, kwa shilingi 10, kwenye televisheni iliyokuwa na rangi ya kijani upande mmoja. Nilikuwa naenda na kaka yangu mkubwa. Wasichana tulikuwa wawili au mmoja. Ukiomba kidhibiti, ambacho Kenya nzima inakiita pedi, kibanda kizima kinaangua kicheko, na unajua wanacheka nini. Nilijifunza kusema "leta hiyo kitu" nikinyoosha mkono.

Ndani ya San Andreas, mapenzi ni asilimia. CJ, ambaye ndiye wewe, anaweza kuwa na wapenzi sita na kila mmoja ana kipimo kinachopanda ukimpeleka mahali anapopenda. Wa kwanza, Denise, unampata kwa kumwokoa kwenye nyumba inayoungua, nyumba ambayo wewe mwenyewe umeichoma dakika chache kabla. Katie ni muuguzi. Ukiwa naye, ukipelekwa hospitali hunyang'anywi silaha. Barbara ni polisi. Ukikamatwa unabaki na bunduki zako. Michelle anakupakia gari rangi bure. Wa sita, Millie, ana kadi ya kufungua milango ya kasino unayotaka kuiba. Unaweza kutoka naye hadi akuamini, au unaweza kumuua na kuichukua kadi nyumbani kwake. Gemu haina shida na njia yoyote. Kadi ni kadi.

Hiyo ndiyo ki- iliyoiva. Hakuna bikini hapo. Hawa ni wanawake wenye kazi zao na nguo zao, ila kazi zao zote zimegeuzwa kuwa huduma kwako.

Lakini mtazame CJ pia. Mwili wake una vipimo: misuli, mafuta, mvuto. Akila baga ananenepa, akienda gym anajaza, na watu barabarani wanampigia kelele kulingana na alivyo. Nguo na gari vinampandishia mvuto. Katie hamtaki bila misuli. Michelle hamtaki akiwa mwembamba. Wapenzi wanahesabiwa kwa asilimia, na mpendaji naye anahesabiwa kwa asilimia. Watu wawili wanakutana na kila mmoja ni orodha ya bei.

Kaka yangu sasa ana miaka 29. Anaenda gym ya mabati nyuma ya soko, anabeba vyuma vilivyotengenezwa kwa saruji na mikebe ya rangi. Siku moja nilimuuliza kwa nini aliachana na msichana ambaye sote nyumbani tulimpenda. Akaniambia, bila hata kutabasamu, "Sister, mwanaume bila pesa ni CJ bila gari. Hata Denise atashuka." Sikuwa na jibu la haraka. Nilitaka kumwambia gemu hiyo iliandikwa na watu, kwamba kuna mtu alikaa akaamua Katie atake misuli. Lakini yeye hakuwa anaongea juu ya gemu. Alikuwa anaongea juu ya mtaa, juu ya redio ya asubuhi, juu ya wale jamaa wa video wanaofundisha wanaume namna ya kuwa "wa thamani", kana kwamba mtu ana bei ya soko. Gemu haikumfundisha hayo. Ilimpa tu mahali ambapo mahesabu hayo yanaonekana kwenye skrini na yanakubali.

Ndiyo maana "ni gemu tu" hainiridhishi, na ndiyo maana pia sisemi gemu zinaharibu vijana. Sina ushahidi huo na siutafuti. Ninachosema ni kwamba gemu ni mahali pa nadra ambapo unaweza kuona kanuni zikiwa uchi. Mtaani mtu akikuhesabu thamani anaficha. San Andreas inakuonyesha namba.

Na zipo nyakati mtu akijaribu kubadilisha namba, wateja wanalipuka. The Last of Us Part II ya 2020 ina Abby, mwanamke mwenye mikono kama ya mbeba mizigo wa Marikiti, mwili ulioundwa kwa kumwangalia mwanariadha halisi. Sehemu ya wachezaji walikasirika kwa mambo ya hadithi, sawa. Lakini wengi walikasirikia mikono. Wakasema mwanamke hawi hivyo. Laura Bailey, aliyemuigiza, alitumiwa vitisho vya kuuawa, na vingine vilimtaja mtoto wake. Abby alikuwa amevaa fulana na suruali karibu muda wote. Ni vigumu kusema kosa lake lilikuwa mavazi. Kosa lake lilikuwa kwamba mwili huo haukujengwa kwa ajili yao. Aliujenga mwenyewe, kwa sababu alikuwa na mtu wa kulipizia kisasi.

Upande wa pili kuna Bayonetta wa 2009, mchawi wa miwani anayevaa nywele zake kama nguo, na nguo hizo zinapungua anapopiga. Alichorwa na mwanamke, Mari Shimazaki. Kuna wanaomwona kama aibu na kuna wanawake wanaomwabudu. Mimi niko karibu na kundi la pili, kwa sababu Bayonetta anajua kamera iko wapi na anaichezea. Anataka mambo yake, anacheka vichekesho vyake. Mvuto si dhambi. Mtu anaweza kuvutia na bado akaja, asije "kikaja".

Anayeshika pedi pia anabadilisha mambo. Mkenya Sylvia Gathoni, ambaye wachezaji wanamjua kama QueenArrow, alijitengenezea jina kwenye Tekken na kusajiliwa na timu ya kimataifa akiwa bado mwanafunzi. Fikiria msichana anayemwona akicheza mara ya kwanza. Kwenye skrini kuna mwanamke anayepigana, na nyuma ya skrini kuna mwanamke anayeamua kila ngumi. Hilo halifuti mavazi ambayo studio ya Japani iliwachorea kina Nina na Anna Williams. Ila linaondoa lile wazo kwamba mtazamaji ni mwanamume siku zote.

Grand Theft Auto VI inakuja na Lucia, mwanamke wa kuchezwa na mwenye hadithi yake, bega kwa bega na mpenzi wake Jason. Kwenye gemu ya tano, ile ya 2013, wahusika wa kuchezwa kwenye hadithi walikuwa watatu, wote wanaume. Mitandaoni watu tayari wanabishana kuhusu umbo lake. Mimi nitaangalia mambo mengine. Kama Lucia ana jambo analolitaka ambalo Jason halijui. Kama kuna mwanamke wa pili kwenye mji ule ambaye hauzi kitu wala hafungui mlango. Na kama yule mlinzi wa getini, nitakayemvizia kwa nyuma saa nane usiku, atakuwa anaongea na mtu kwa simu kabla sijafika.

Kaka yangu anasema tutaichanga, nusu yake nusu yangu. Nimekubali, kwa sharti kwamba nacheza kwanza.